Uyoga wa Masasi na Newala: Chakula, Miti na Sumu

Watu wasemapo kwamba jambo fulani limeota kama uyoga, maana yao ni kwamba limezuka ghafla na kwa wingi. Msemo huo ni kweli kwa macho tu. Uyoga uonekanao asubuhi baada ya mvua ni mfano wa tunda. Kiumbe chenyewe, yaani kuvu, huwa kimekwisha kuishi chini ya ardhi kwa miezi au miaka mingi, katika umbo la utando wa nyuzi nyembamba mno. Mvua inyeshapo, utando hunyonya maji na kuvimbisha vitunda vichanga vilivyokwisha kuumbika. Kwa kuwa utando huenea kutoka katikati kwenda pande zote, pengine uyoga huchomoza katika duara kamili. Huko Ufini watu wa kale waliliita duara hilo mzingo wa mchawi. Mchawi hayumo, ni kuvu imekula chakula cha katikati ikasogea nje.

Katika nchi ya Masasi, penye vilima vya mawe, na juu yake katika Uwanda wa Makonde ulipo mji wa Newala, mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Mwanzo wa masika hayo ghala hupungua na mazao mapya bado hayajaiva. Uyoga hupatikana wakati huo huo, nao, kama ming'oko ichimbwayo porini, ni chakula kisicholimwa.

Kwa hakika uko uyoga unaolimwa, ila mkulima wake si binadamu. Mchwa hukusanya vipande vya miti na nyasi kavu, wakavitafuna na kuvijenga kama sega ndani ya kichuguu. Juu ya sega hilo huota kuvu za jamii ya Termitomyces, ambazo huivunja lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu wake. Mchwa nao hula kuvu na sega lililolainika. Ushirikiano huo ulianza Afrika mamilioni ya miaka iliyopita. Mvua ikinyesha, kuvu husukuma uyoga hadi juu ya ardhi, na bua lake huacha nyuma kitu kama mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye sega. Aina moja, iliyopewa jina la kitaalamu mwaka 1980 kutokana na vielelezo vya Zambia, huweza kuwa na kofia yenye upana wa karibu mita moja. Nyingine, Termitomyces singidensis, imechukua jina la Singida.

Kundi la pili halina haja ya mchwa, bali ya miti. Katika misitu ya miombo, kuvu kadhaa huzivika ncha za mizizi ya miombo na mikusu kama soksi. Kuvu huupa mti maji na madini. Mti huipa kuvu sukari. Humo ndimo hutoka uyoga wa manjano wa jamii ya Cantharellus, na pia aina zinazolika za Amanita. Mti ukikatwa, kuvu hukosa mlishaji.

Hapo pana jambo linalowahusu watu wa kusini. Mkorosho nao hushirikiana na kuvu mizizini, lakini ni kuvu za kundi jingine, zisizotoa uyoga wa kuliwa. (Si kila kuvu hupendwa na mkulima wa korosho: ubwiri unga unaokausha maua yake ni kuvu pia.) Kwa hiyo miombo inapofyekwa ili kupanda mikorosho, uyoga wa miombo hutoweka, hali ule wa vichuguu huendelea. Na mahali palipo wazi, penye nyasi, kama viwanja vya shule, ndipo ipendapo kuota Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, ambao huleta matapishi na kuhara vikali saa chache baada ya kuliwa. Mtoto aliyezoea kuona uyoga mkubwa mweupe ukiletwa nyumbani huweza kuudhania kuwa ule wa mchwa.

Wengi hutafuta kanuni moja ya kuutambua uyoga wenye sumu. Kanuni hiyo haipo. Wengine husema kwamba uliokwisha kuliwa na wadudu ni salama. Lakini mwili wa mdudu si mwili wa mtu, na konokono huweza kula uyoga unaomuua binadamu. Vitabu vya Ulaya huonya dhidi ya uyoga wenye mfuko chini ya bua, ambao ni alama ya Amanita nyingi. Onyo hilo ni la maana sana huko, lakini akina mama wanaochuma uyoga katika miombo huzijua Amanita zenye mfuko ambazo ni kitoweo kizuri. Kinyume chake pia hutokea: wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki waliofika Marekani wamewahi kufa kwa kuchuma Amanita phalloides, wakidhani ni uyoga wa kwao.

Ufini yenyewe ni mfano mzuri. Zamani watu wa mashariki ya nchi hiyo walichuma uyoga kwa wingi, hali wengi wa magharibi waliuona kuwa chakula cha ng'ombe. Baada ya vita, Wakarelia wapatao 400,000 walihamishwa kutoka mashariki, nao wakaeneza mapishi yao. Wafini hula hata Gyromitra esculenta, ambayo ikiliwa mbichi huua. Huichemsha mara mbili katika maji mengi na kuyamwaga. Lakini kuchemsha hakuondoi sumu ya Amanita phalloides. Sumu hiyo huzuia chembe za ini zisiweze kutengeneza protini. Mgonjwa huanza kutapika baada ya saa 6 au zaidi, kisha hupata nafuu ya uongo huku ini likiendelea kuharibika. Aliyekula uyoga akaugua apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga huo, hata akisema kwamba amepona.

Wataalamu wa Ufini, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, walishirikiana na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa mwaka 2003 kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania. Kazi ya namna hiyo huanza kwa kuwauliza wachumaji, kwa kuwa wao ndio wajuao uyoga upi huota chini ya mti upi.

Zoezi la darasani. Chimba uyoga mzima kwa kijiti, usiukate, kwani alama kubwa hubaki ardhini: mzizi mrefu wa Termitomyces, au mfuko wa Amanita. Andika ulipoota na mti ulio karibu. Kata kofia, uilaze juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi, matamvua yakielekea chini, kisha uifunike kwa bilauri hadi kesho yake. Spora zitaanguka na kuchora picha. Za Termitomyces zina rangi ya waridi hafifu; za Chlorophyllum molybdites ni za kijani. Rangi ya waridi peke yake si ruhusa ya kula, maana iko pia katika aina nyingine zenye sumu. Uyoga wa zoezi usionjwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Karatasi ikikauka, wanafunzi waipeleke nyumbani pamoja na uyoga mwingine wa aina ile ile, wawaulize bibi zao jina lake, kisha waliandike jina hilo chini ya picha.