Somo la Sayansi na Ufundi: Mbao za amianti pembeni ya paa, na namna ya kuzishusha



Mkitazama nyumba za zamani katika miji yetu na katika vituo vya misheni, pale manjanja yanapoishia mtaona mara nyingi mbao za rangi ya majivu zimepigiliwa pembeni ya paa. Moja inasimama wima na kufunika vichwa vya miti ya paa. Mafundi wanaiita planche de rive. Ingine inalala chini ya ukingo, kati ya ile ya kwanza na ukuta, ili popo na ndege wasiingie juu ya plafo. Tunasema mbao, lakini mara nyingi si za mti. Ni simenti iliyochanganywa na amianti, ile ambayo vitabu vya Tanzania vinaita asbesto. Watu wengi wanaijua kwa jina la Eternit, hata kama ilitoka kwa fabriki ingine.

Likizo kubwa ndiyo wakati masomo mengi yanatengeneza majengo yao. Ndiyo pia wakati vijana wanapewa nyundo siku ya salongo na kuambiwa: «Shusheni ile yote, iko ya zamani.» Vijana wanapanda, wanapiga, vipande vinaanguka, vumbi inapanda, watu wanacheka. Saa mbili kazi imekwisha. Somo hili ni juu ya ile vumbi.

Amianti ni nini? Ni jiwe linalochimbwa katika udongo kama mawe mengine, lakini ukilisugua linaachana nyuzi-nyuzi kama pamba. Kuna aina kadhaa. Ile nyeupe, krizotili, ndiyo iliyotumiwa zaidi duniani, na wanafunzi wa kemia wanaweza kuandika formula yake: Mg3Si2O5(OH)4. Kuna ingine ya bluu na ingine ya kahawia, nazo ni mbaya zaidi kwa mwili. Zote hazishiki moto kwa vyepesi, hazioze, na mchwa hawazili. Katika inchi kama yetu, ambapo mchwa unaweza kumaliza mlango kwa miaka mitatu, jambo hilo si dogo!

Mwaka 1901 Mwaustria mmoja, Ludwig Hatschek, alipata hati ya uvumbuzi wake: kuchanganya nyuzi za amianti na simenti na maji, na kuzipitisha katika mashini inayofanana na ile ya kutengeneza karatasi, tabaka juu ya tabaka, mpaka zitoke kama ubao mwembamba na mgumu. Akaita kitu hicho Eternit, kwa sababu ya neno la Kilatini lenye maana ya kudumu milele. Katika ubao wa namna hiyo, amianti ni kama 10 hadi 15 kwa mia. Inayobaki ni simenti. Ubelgiji ilikuwa kati ya inchi zilizotumia sana amianti kwa kadiri ya hesabu ya watu wake, basi si ajabu kwamba wajenzi waliotoka kule waliijua na kuipenda. Lakini Ubelgiji yenyewe iliikataza mwaka 1998. Umoja wa Ulaya uliikataza kote mwaka 2005, na Afrika Kusini, inchi iliyoichimba kwa wingi, ikaikataza mwaka 2008.

Juu ya nini waliikataza? Sababu ni udogo wa uzi. Mapua yetu na koo letu vinashika vumbi ya kawaida, nasi tunaitoa kwa kukohoa na kupiga chafya. Uzi wa amianti unaweza kuwa mwembamba chini ya mikroni moja, na macho hayauoni kabisa. Unapita, unafika mpaka mwisho wa mapafu, kwa vile vifuko vidogo ambavyo tulijifunza katika biolojia. Kule mwili una chembe za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza takataka. Chembe inakuja kuumeza uzi, lakini uzi ni mrefu kuliko chembe yenyewe. Chembe inakufa, uzi unabaki. Ingine inakuja, inakufa vilevile. Mahali pale panakuwa kidonda na kovu kwa muda wa miaka na miaka.

Ugonjwa wa kwanza ni mapafu kukauka na kuwa magumu, nao unaitwa asbestozi. Unawapata zaidi wale waliofanya kazi katika vumbi nyingi kwa muda mrefu. Wa pili ni kansa ya mapafu. Mtu aliyevuta vumbi ya amianti na anavuta sigara tena, hatari yake inazidi mara nyingi. Wa tatu ni mezotelioma, kansa ya ile ngozi nyembamba inayozunguka mapafu, na mpaka leo dawa ya kuiponya haijapatikana. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake waliandika juu ya wagonjwa 33 wa kansa hiyo Afrika Kusini, karibu wote kutoka upande wa machimbo ya amianti ya bluu. Wengine kati yao hawakuchimba hata siku moja. Waliishi tu karibu na machimbo, au walicheza pale walipokuwa watoto. Mwaka 1965 huko London waganga walikuta tena jambo la namna ile: kati ya wagonjwa wao walikuwamo wanawake ambao hawakufanya kazi katika fabriki, ila walifua nguo za mabwana zao.

Jambo ambalo linadanganya watu ni wakati. Ugonjwa huu hauji kesho wala mwaka ujao. Mezotelioma inaonekana mara nyingi nyuma ya miaka 30 au 40. Kijana wa miaka 17 anayevunja mbao leo hatakohoa usiku huu. Atamaliza masomo, ataoa, atazaa, na siku atakapougua hakuna atakayekumbuka ile salongo. Ndiyo maana utasikia mtu mzima akisema: «Miye nilivunja hizi vitu tangu ujana wangu, na niko muzima.» Hasemi uongo. Lakini hesabu ya Shirika la Afya la Dunia, OMS, ni kwamba watu zaidi ya 200.000 wanakufa kila mwaka kwa sababu ya amianti waliyoivuta kazini.

Hapa tusiogopeshane bure. Ubao ambao ungali mzima, umefungwa vizuri na una rangi juu yake, hautoi nyuzi za kuhesabika. Simenti inazishika. Unaweza kusoma chini yake miaka yote sita ya sekondari bila shida. Tena mtu aliyevunja kipande kimoja siku moja asikose usingizi, kwa maana hatari inakua kadiri ya vumbi na kadiri ya siku. Nyuzi zinatoka wakati wa kuvunja, kukata na msumeno, kutoboa, kusugua na burashi ya waya, na wakati ubao umezeeka mpaka uso wake unamomonyoka kwa mvua.

Kwa hiyo ulizo la kwanza siku ya kutengeneza paa si «tushushe namna gani?» Ni «ni lazima kushusha?» Kama mbao ni nzima, ziachwe, zipakwe rangi bila kusuguliwa kwanza, na ziandikwe katika kitabu cha majengo. Sisi tunaona kwamba masomo mengi yangefanya vizuri kusimama hapo, kwa sababu vyombo vya kushusha vinagharimu feza. Zishushwe tu kama zimepasuka, au kama paa lenyewe linabomolewa.

Kama hakuna anayejua ni amianti ao hapana, basi ihesabiwe kuwa amianti. Macho hayatoshi, ni darubini ya laboratwari tu inayoweza kusema. Lakini kuna alama moja ya kuangalia. Ubao wa simenti ni mgumu na mzito. Kukiwa na kipande kilichokwisha kuanguka, nacho ni chepesi, laini, kinamomonyoka kama biskuti, hicho ni cha aina ingine yenye amianti nyingi zaidi. Pale fundi wa kawaida aache kazi kabisa na kuita watu waliofundishwa.

Na kazi ya kushusha ni ya watu wazima waliofundishwa. Wanafunzi wasikaribie, hata wale wakubwa wa darasa la sita wenye mikono ya nguvu. Tunaeleza namna yake ili mjue kazi nzuri inafanana namna gani, na ili siku moja, mtakapokuwa wakubwa wa ujenzi au maprefe, msiwape wengine nyundo.

Siku inachaguliwa isiyo na upepo, na masomo yamefungwa. Kamba inazungushwa mbali, madirisha ya upande ule yanafungwa, na bashi ya plastiki inatandikwa chini. Watu wanasimama juu ya jukwaa lililofungwa vizuri, kwa kuwa ngazi haiachi mikono miwili huru. Mtu asikanyage hata kidogo juu ya paa la manjanja ya amianti. Yanapasuka bila kutoa onyo, na huyo hatangoja miaka 30, atakufa siku ileile kwa kuanguka.

Mafundi wanavaa nguo nzima yenye kofia, ya kutupwa nyuma ya kazi, na mabuti ya mpira yasiyo na kamba, ambayo yanaweza kupanguswa. Maski ni ile iliyoandikwa FFP3. Kitambaa, foulard, na maski za hospitali hazisaidii kitu hapa. Ndevu pia ni shida, hewa inapita kando yake. Kama maski za kweli hazikupatikana, kazi iahirishwe. Hapo hakuna njia ya kupunguza bei.

Kisha maji. Wanatia maji na sabuni kidogo katika pompe ya mgongoni, kama ile ya kunyunyizia dawa kwa shamba, iwe imeoshwa sana, na wanalowesha ubao polepole pande zote wanazofikia. Sabuni inasaidia maji kuingia. Maji ya nguvu yanayoruka hayafai, yanachimba uso na kurusha nyuzi. Wanalowesha tena kila mara unapokauka.

Sasa tunafika kwa misumari, na hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika. Fundi mwenye haraka anaingiza chuma chini ya ubao na kuuinua kwa nguvu. Ubao unavunjika kila msumari. Fundi mwenye akili anaanza na visi: anazilowesha, anazifungua kwa turnevisi ya mkono, bila mashini. Visi yenye kutu inakatwa kichwa kwa pense. Msumari unaloweshwa, kichwa kinashikwa kwa pense na kuvutwa polepole, au kinakatwa, na ubao unatolewa juu ya msumari uliobaki ndani ya mti. Ubao mmoja unaweza kuchukua nusu saa. Watu wawili wanaushika kila upande, wanaupokeza kwa mikono kwa wale walio chini. Hautupwi, haukokotwi, na hauvunjwi ili uingie ndani ya gari.

Chini unafungwa mzima ndani ya plastiki nene, mara mbili, na skochi. Juu yake wanaandika: AMIANTE – HATARI – USIFUNGUE. Vipande vidogo vinaokotwa kwa mkono wenye gan, vikiwa na maji. Ufagio hautumiwi. Wanapangusa kwa vitambaa vyenye maji, na vitambaa vinafungwa pamoja na mbao, hata nguo za kazi na bashi. Maski inatolewa mwisho kabisa, kisha kuoga palepale. Hakuna kitu kinachokwenda nyumbani, mkumbuke wale wanawake wa London.

Inabaki ulizo la kuzitupa wapi, na katika inchi yetu hilo ndilo gumu. Majirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2011 mpango wa serikali wa kutoa paa za amianti, na mbao zao zinazikwa pahali palipochaguliwa. Kwetu, mkubwa wa masomo aulize kwanza ofisi ya mazingira au ya komini. Kama wanakubali zizikwe katika kiwanja cha masomo, shimo liwe refu, mbali na mto, kisima na mashamba, udongo juu yake upite mita moja, na plani ya pahali pale iwekwe katika arshivi. Nyuzi hazitembei ndani ya udongo, ila mtu anaweza kuchimba msingi wa darasa pale nyuma ya miaka 40. Msizitie kwa moto hata kidogo: ubao wa simenti unapasuka kwa nguvu katika moto na kurusha vipande. Tena mama zetu wakikuta mbao hizo zimeachwa nje watazichukua kwa jikoni na kwa nyumba ya kuku, maana ni kitu kizuri na bei yake ni bure. Basi zisilale nje hata usiku mmoja.

Maulizo kwa darasa. Kama uzi mmoja una upana wa mikroni 0,5 na unywele wa kichwa una mikroni 70, nyuzi ngapi zitapangwa bega kwa bega juu ya upana wa unywele mmoja? Juu ya nini kitambaa chenye maji ni bora kuliko ufagio? Mwisho, kila mwanafunzi achore nyumba za masomo yetu akiwa amesimama chini, bila kupanda na bila kugusa, na aweke alama pale anapofikiri kuna mbao za namna hii, nzima au zilizopasuka. Michoro ipewe mwalimu wa ufundi mbele ya mwisho wa mwezi. Ataipeleka kwa Bwana Prefe kabla mafundi hawajaitwa.