Asidi Kwenye Damu: Kwa Nini Usikose Zamu ya Dialisisi

Mgonjwa wa figo anapounganishwa na mashine ya kusafisha damu, wengi wetu hudhani kazi ni mbili tu: kutoa uchafu na kupunguza maji. Iko ya tatu isiyozungumzwa sana, nayo ni kuondoa asidi.

Kila siku mwili hutengeneza asidi, hasa kutokana na protini. (Ndimu ni chachu mdomoni, lakini si yo inayoleta shida hii.) Figo zenye afya huitoa asidi hiyo kwa mkojo na kurudisha kwenye damu bikaboneti, ambayo huituliza. Figo zikishindwa, asidi hubaki. Ndipo maji maalumu ya mashine husaidia: yana bikaboneti nyingi kuliko damu ya mgonjwa, nayo hupenya utando wa chujio na kuingia kwenye damu.

Lakini mashine hufanya kazi kwa takriban saa 4 tu, ilhali asidi hutengenezwa usiku na mchana. Anayehudhuria Jumatatu na Alhamisi, akikosa Alhamisi kwa sababu ya nauli, amekaa wiki nzima bila msaada. Pumzi huenda kasi, misuli hudhoofika, mifupa hupoteza madini, na potasiamu hupanda kwenye damu. Potasiamu hiyo inaweza kusimamisha moyo.

Majibu ya vipimo yakitoka, uliza kiwango chako cha bikaboneti. Kabla ya zamu, wataalamu hupenda kiwe angalau milimoli 22 kwa lita. Kikiwa chini, daktari anaweza kuongeza muda wa zamu, kurekebisha maji ya mashine au kukuandikia vidonge.

Sasa magadi. Wapo wanaosikia habari za bikaboneti wakakimbilia kukoroga kijiko cha magadi nyumbani. Tafadhali usifanye hivyo. Magadi yana sodiamu nyingi: utashikwa na kiu, maji yatajaa mwilini na shinikizo la damu litapanda. Asidi ikipunguzwa kupita kiasi nako ni hatari. Wala usiache mayai au samaki kwa kuogopa asidi, maana anayefanyiwa dialisisi anahitaji protini ya kutosha. Kiasi chako utaambiwa na mtaalamu wa lishe.

Ukiona hutaweza kufika, pigia simu kitengo cha figo mapema uombe nafasi nyingine wiki hiyo hiyo. Ukianza kuhema ukiwa umeketi tu, au miguu ikilegea ghafla, usingoje zamu: nenda hospitali mara moja.