Wenzo, Padi na Kitufe: Mabadiliko ya Vidhibiti vya Michezo ya Mapigano na Suala la Istilahi Meru na Embu

Utangulizi

Katika miji iliyo kando ya barabara inayotoka Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru, si ajabu kukuta chumba kidogo chenye runinga mbili tatu, mashine za PlayStation na vijana wanaolipia kila mchezo. Wengi hucheza kandanda. Wengine huchagua michezo ya mapigano kama vile Tekken na Mortal Kombat. Katika vyumba hivyo, kifaa kinachoshikwa mkononi huitwa padi. Kifaa hichohicho kikitajwa darasani, mwanafunzi hutarajiwa kukiita kidhibiti.

Makala hii inafuatilia mabadiliko ya kifaa hicho na kuitumia historia yake kujibu swali la istilahi: kati ya majina yanayoshindana, ni lipi linalofaa, na kwa nini? Hoja inayotetewa ni kwamba jina lililojengwa juu ya umbo la kifaa huelekea kuchakaa umbo linapobadilika, ilhali jina lililojengwa juu ya kazi hudumu zaidi. Hata hivyo, jina la kazi nalo halina budi kuyaachia nafasi majina yanayozaliwa midomoni mwa watumiaji.

Kutoka wenzo hadi vitufe sita

Michezo ya mapigano ilikulia katika mashine kubwa zilizochezwa kwa sarafu katika kumbi za burudani, hasa Japani na Marekani. Mwaka 1984, mchezo wa Karate Champ ulimpa kila mchezaji nyenzo mbili bila kitufe chochote. Mapigo yote yalitokana na jinsi mikono miwili ilivyosukuma nyenzo hizo kwa pamoja. Mwaka 1987, kampuni ya Capcom ilitoa Street Fighter ikiwa na toleo lililowekewa vibao viwili vya mpira vilivyopima nguvu ya pigo. Aliyekigonga kibao kwa nguvu ndiye aliyetoa ngumi nzito. Mbinu hiyo iliwachosha wachezaji na kuviharibu vifaa, na nafasi yake ikachukuliwa na vitufe sita. Mpangilio huo ndio uliotia fora katika Street Fighter II ya mwaka 1991: vitufe vitatu vya ngumi na vitatu vya teke, kila kundi likiwa na pigo jepesi, la wastani na zito.

Kando ya vitufe palikuwa na wenzo. Neno hili, ambalo wingi wake ni nyenzo, linaeleza kifaa hicho kwa usahihi wa kifizikia. Ni ufito unaocheza juu ya egemeo: ncha ya juu ikisukumwa upande mmoja, ncha ya chini husogea upande wa pili na kubonyeza swichi. Swichi ni nne, lakini mbili zinazopakana zikibonyezwa kwa wakati mmoja hutoa mwelekeo wa mshazari, hivyo mielekeo kuwa minane. Ndiyo sababu mchezaji wa Street Fighter II hupitisha wenzo chini, mshazari, kisha mbele, kama anayechora robo ya duara, na kumalizia kwa kitufe cha ngumi ili mhusika wake arushe mpira wa moto. Hata kishikio kilikuwa na desturi zake: Wajapani walizoea kishikio cha mviringo kama gololi kubwa, ilhali Wamarekani walizoea kile kirefu chenye umbo la rungu dogo.

Padi yaingia nyumbani

Mkondo wa pili ulianzia kwenye kidole gumba. Mwaka 1982, Gunpei Yokoi wa kampuni ya Nintendo aliweka kitufe chenye umbo la msalaba kwenye toleo la mkononi la mchezo wa Donkey Kong, na mwaka uliofuata umbo hilo likaingia katika mashine ya nyumbani ya Famicom. Wenzo uliohitaji kiganja kizima sasa ulikuwa na mshindani aliyehitaji kidole kimoja.

Michezo ya mapigano ilipohamia nyumbani, ililazimisha padi ibadilike. Street Fighter II ilipotolewa kwa mashine ya Super Famicom mwaka 1992, padi yake ilitosha kwa kuwa ilikuwa na vitufe vinne usoni na viwili mabegani. Padi ya Sega ilikuwa na vitatu tu, na mwaka 1993 kampuni hiyo ikalazimika kutoa padi nyingine yenye sita. Mwaka 1994 ukaja mchezo wa Tekken ambao uliupa kila mkono na kila mguu kitufe chake. Viungo vinne hivyo viliafikiana barabara na alama nne za padi ya PlayStation: mraba kwa ngumi ya kushoto, pembetatu kwa ngumi ya kulia, msalaba kwa teke la kushoto na duara kwa teke la kulia. Mchezaji hakuhitaji kununua wenzo ili aucheze mchezo huo ipasavyo.

Jambo hili lina uzito kwa Meru na Embu. Vijana wengi wa huko hawakupitia kwenye kumbi za sarafu. Waliikuta michezo hii ikiwa tayari ndani ya PlayStation, na padi ikiwa tayari ndicho kifaa cha kawaida. Kwao, wenzo haukuwa asili ya padi bali kitu cha ajabu kilichoonekana baadaye kwenye video za mashindano. Kwa hiyo mfuatano wa majina katika eneo hili si wenzo kisha padi, bali padi kwanza.

Kifaa kisicho na wenzo

Baada ya Street Fighter IV kuingia majumbani mwaka 2009, wenzo ulirejea kwa kishindo kupitia visanduku vya kuchezea vilivyotumia sehemu za Sanwa, kampuni ya Kijapani inayotengeneza vipuri vya mashine za sarafu. Ilidhaniwa na wengi kuwa bingwa hawezi kutumia padi. Dhana hiyo ilivunjwa mwaka 2014 Mfaransa Olivier Hay, maarufu kama Luffy, alipotwaa ubingwa wa Ultra Street Fighter IV katika mashindano ya Evo nchini Marekani akitumia padi ya PlayStation ya kwanza.

Wakati huohuo kilizuka kifaa cha tatu: kisanduku kisicho na wenzo wala msalaba, ambacho hata mielekeo yake ni vitufe vinne. Kifaa hiki kilizua swali ambalo wenzo haukuwahi kulizua. Ufito mmoja hauwezi kusukumwa kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Maumbile yake yanakataa. Vitufe viwili vinaweza kubonyezwa pamoja. Je, mhusika aende wapi? Programu inaweza kuzifuta amri zote mbili, kuifuata ya kwanza au kuifuata ya mwisho. Kila uamuzi una faida yake, kwa kuwa katika Street Fighter kurudi nyuma ndiko kujikinga, na yako mapigo yanayomtaka mchezaji ashikilie nyuma kwa muda kabla ya kwenda mbele. Mwaka 2023, Capcom iliweka kanuni za vidhibiti katika mashindano yake, zikiwemo zinazohusu amri kinzani za aina hii.

Suala hili haliko mbali na Kenya. Mwaka 2018, Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa ya XiT Gaming akiwa mchezaji wa Tekken. Kijana wa Meru au Embu anayetaka kuifuata njia hiyo atahitaji kuzielewa kanuni kama hizo. Kwa kawaida atazikuta kwa Kiingereza. Aya iliyotangulia inaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuzieleza bila kuchechemea. Kinachokosekana ni mapatano kuhusu majina.

Msamiati wa mapigano na pengo la ala

Ni vyema kutambua kwamba upungufu hauko katika lugha ya mapigano yenyewe. Kiswahili kina ngumi, konde, kofi, teke, kikumbo, ngwala, mtama, mwereka na kabari. Mchezaji anayempiga mpinzani mtama hahitaji neno la kukopa. Vilevile majina ya alama za padi, yaani mraba, pembetatu na duara, hufundishwa katika hisabati ya shule ya msingi. Pengo liko katika ala: kile kinachoubeba mkono wa mchezaji hadi kwenye mwili wa mhusika.

Majina katika mizani

Kanuni za PEGITOSCA za Kiingi, zinazotumiwa na watafiti wengi wa istilahi za Kiswahili, hudai pamoja na mengine usahihi, iktisadi, uzalishaji, uwazi na kukubalika. Majina yanayoshindana yanaweza kupimwa kwa vigezo hivyo.

Wenzo ni neno sahihi na fupi, lakini linafaa kwa umbo moja tu. Isitoshe, wingi wake, nyenzo, umepanuka na kumaanisha njia au vifaa vya kutendea jambo, kiasi kwamba wasemaji wengi hawaukumbuki tena ule ufito.

Padi imekubalika na ni ya kiiktisadi. Imepewa irabu ya mwisho kama ilivyo ada ya Kiswahili, na kama ambavyo Kimeru na Kiembu, zikiwa lugha za Kibantu, hupendelea silabi wazi. Inaingia bila taabu katika ngeli ya I-ZI: padi yangu, padi zangu. Udhaifu wake ni kwamba neno lilelile la Kiingereza limetoholewa pia kuwa pedi, kwa maana ya sodo, na tofauti ya irabu moja ni ndogo. Tena, padi haiwezi kukijumuisha kisanduku cha vitufe.

Kidhibiti kinatokana na kitenzi dhibiti na kiambishi ki-. Yapo mashaka yanayostahili kujibiwa. Tangu kanuni za Michuki za mwaka 2004, Wakenya wanalijua neno hili kupitia vidhibiti mwendo vya matatu, ambavyo kazi yake ni kumzuia dereva. Je, kifaa kinachomwezesha mchezaji kutenda kiitwe kwa jina la kile kinachozuia? Jibu linapatikana katika utangazaji wa kandanda: mchezaji aliyeudhibiti mpira hakuuzuia tu, ameutia katika milki yake. Maana hiyo ndiyo inayohusika hapa. Aidha, neno hili linazalisha: kidhibiti cha wenzo, kidhibiti cha padi, kidhibiti cha vitufe.

Kitufe, kwa upande wake, kinaitia doa hoja ya makala hii, na haifai kulifumbia macho. Kimofolojia, kitufe ni tufe dogo, yaani ni jina la umbo. Hata hivyo, linatumika leo kwa vitufe vya mraba bila mtu kushtuka. Funzo ni kwamba jina la umbo linaweza kudumu iwapo wasemaji wamelisahau umbo hilo. Wenzo haujafika hapo: ukitajwa, ufito bado unaonekana.

Hitimisho

Makala hii inapendekeza kidhibiti kiwe istilahi jumuishi, na chini yake wenzo, padi na vitufe viwe majina ya aina. Mpango huu haumlazimishi kijana wa Makutano mjini Meru au wa Dallas mjini Embu kuiacha padi yake, wala haumnyimi mwalimu istilahi ya kitaaluma. Yaliyoipata kompyuta yanatosha kuwa onyo: tarakilishi na ngamizi zilifundishwa, lakini umma uliendelea kusema kompyuta. Istilahi iliyobuniwa bila kumsikiliza mtumiaji hubaki kwenye mtihani.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haitimizwi ofisini pekee. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Embu, Chuka na Meru wana uwanja wa utafiti nje ya malango yao. Wakivisikiliza vyumba vile vya michezo na kuyakusanya maneno yaliyomo, watakuwa wameianza kazi ya istilahi mahali inapostahili kuanzia, yaani kwa msemaji.