Kazi ya Mwalimu Msaidizi wa Mpira wa Kikapu

Mtu atazamaye mpira wa kikapu huwatazama wale kumi walio uwanjani, na labda mwalimu mkuu asimamaye pembeni akipaza sauti. Wale wawili watatu wakaao kando yake na daftari magotini, ni nani awaangaliaye? Leo, ndugu wasomaji, tujifunze habari zao. Mifano yetu twaitoa katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako kumsaidia mwalimu wa timu ya wasichana kumekuwa kazi ya maisha mazima.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Pat Summitt alipokabidhiwa timu ya wasichana ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974 alikuwa na umri wa miaka 22, na mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Gari la timu aliliendesha mwenyewe, na jezi alizifua mwenyewe. Sheria ya mwaka 1972, iliyokataza shule zipatazo fedha za serikali kuwabagua wanawake, ilikuwa imekwisha fungua mlango, ila fedha zilifuata polepole. Zilipofika ndipo walimu wakuu wakaweza kuajiri wasaidizi wa kweli.

Kazi yenyewe ni nini? Wengi hudhani ni kubeba mipira na maji. Sivyo hata kidogo. Kubwa kuliko zote ni kutafuta wachezaji. Msaidizi husafiri mwaka hata mwaka, akikaa katika kumbi za shule za sekondari kuwatazama wasichana wa miaka 16 na 17. Kisha huwaandikia barua, huwapigia simu, na mwisho huenda kwao kuzungumza na wazazi. Na mzazi haulizi habari za mpira tu. Auliza binti yake atasoma nini, atakaa wapi, na akiugua nani atamwangalia. Msaidizi asiye na majibu ya kweli kwa maswali hayo amesafiri bure. Tena kuna kuwachunguza wapinzani: kutazama filamu za michezo yao mpaka ajue yule mrefu hupenda kugeukia mkono gani, kisha kuyaandika hayo kwa maneno machache ambayo wachezaji wataweza kuyashika. Na baada ya hayo yote, neno la mwisho si lake, ni la mwalimu mkuu. Nadhani hapo ndipo penye ugumu, kuliko safari zote.

Mickie DeMoss aliujua ugumu huo kwa pande zote mbili. Mama huyu, mzaliwa wa Tallulah katika jimbo la Louisiana, alikwisha kuwa mwalimu mkuu wa Chuo Kikuu cha Florida kwa miaka minne tangu 1979. Akauacha ukuu, akawa msaidizi huko Auburn, na mwaka 1985 akaenda Tennessee kwa Summitt. Alikaa huko miaka 18, na sifa yake kubwa ilikuwa hiyo ya kutafuta wachezaji.

Kisa kimoja kimesimuliwa sana. Septemba 1990 Summitt na DeMoss walipanda ndege ndogo kwenda Pennsylvania, nyumbani kwa msichana mmoja hodari, Michelle Marciniak. Summitt alikuwa mja mzito, siku zake zimekaribia kabisa. Walipokuwa huko uchungu ukamjia. Badala ya kwenda hospitali ya karibu, wakarudi mbio kwenye ndege. Njiani rubani akataka kutua Virginia. Summitt akakataa katakata, kwani alitaka mtoto azaliwe Tennessee, na tena timu ya Virginia ndiyo iliyowatoa katika mashindano mwaka ule ule! DeMoss, ambaye hakuwa mkunga, ndiye aliyekuwa naye angani. Walifika Knoxville salama, na tarehe 21 Septemba akazaliwa mtoto wa kiume, Tyler. Marciniak je? Alichagua chuo kingine, Notre Dame. Lakini baadaye alihama, akaja Tennessee, na mwaka 1996 alitajwa mchezaji bora wa michezo ya mwisho ya ubingwa. Mbegu ya msaidizi mara nyingine huchelewa kuota.

Katika miaka 18 hiyo Tennessee ilitwaa ubingwa mara 6, na mwaka 1998 ilicheza michezo 39 bila kushindwa hata mmoja. Mwaka 2003 DeMoss akaondoka kuwa mwalimu mkuu wa Kentucky, na Januari 2006 timu yake ikaishinda Tennessee yenyewe. Ye yote angedhani sasa amefika. Lakini mwaka 2007 alijiuzulu, akarudi katika usaidizi, kwanza Texas, kisha mwaka 2010 kwa Summitt tena.

Agosti 2011 Summitt, mwenye miaka 59, alitangaza kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hapo ndipo timu ilipowategemea wasaidizi kwa kila jambo. Holly Warlick, aliyekuwa msaidizi tangu 1985 na kabla yake mchezaji wa Summitt, alibeba sehemu kubwa ya uongozi. DeMoss na mwenzao Dean Lockwood wakagawana iliyobaki. Mama yule mgonjwa hakuondolewa benchini. Msimu ule walishinda michezo 27, wakashindwa 9, wakafika katika timu 8 za mwisho za nchi nzima. Aprili 2012 Summitt alistaafu na Warlick akawekwa mahali pake. Summitt alifariki tarehe 28 Juni 2016.

Yuko na Chris Dailey wa Connecticut, ambaye njia yake ni nyingine kabisa. Alifika huko mwaka 1985 pamoja na mwalimu mkuu Geno Auriemma, na hadi timu ilipotwaa ubingwa wake wa 12 mwaka 2025 alikuwa bado kando yake. Machi 2021 Auriemma alipozuiliwa na ugonjwa wa korona, Dailey aliiongoza timu katika michezo miwili ya kwanza ya mashindano: 102 kwa 59, kisha 83 kwa 47. Auriemma alipopona, Dailey akarudi kwenye kiti chake cha kawaida.

Mwaka 2018 Dailey na DeMoss waliingizwa pamoja katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu wa wanawake, lililoko Knoxville. Siku ile ile aliingizwa pia Chamique Holdsclaw wa New York, mmoja wa wasichana waliokwenda kuchezea Tennessee wakati DeMoss alipokuwa akizunguka kuwatafuta.