Dondoo muhimu: Kutua kwenye nyasi zilizolowa

Ukiondoka kwenye lami ya Juba kwenda viwanja vya nyasi msimu wa mvua, jipange kabla ya kuwasha injini.

1. Mpigie redio mtu aliyeko kiwanjani. Usitegemee taarifa ya jana.
2. Ongeza asilimia 35 kwenye umbali wa kutua wa lami kavu. Nyasi fupi sana huteleza zaidi, ongeza 60, ndivyo mamlaka ya anga ya Uingereza inavyoshauri.
3. Kiwanja kisipotosha, punguza mzigo ukiwa bado Juba.
4. Pita juu kwanza: tazama ng'ombe, watoto na madimbwi yanayong'aa.
5. Usitue upepo ukikusukuma kwa nyuma.
6. Chunga mwendo: ukizidi kwa asilimia 10, umbali huongezeka kwa takriban 20.
7. Chagua alama ya kugusia chini. Ukiipita ukiwa bado hewani, paa upya.
8. Kanyaga breki taratibu; gurudumu lililojifunga huteleza tu juu ya tope.
9. Usiharakishwe na mtu: kurudi Juba na mzigo si aibu, kupoteza abiria ni msiba.