Kupima Majimaji ya Tumbo kwa MRI bila Mpira wa Puani

Tumbo la chakula la mtu mzima humimina takriban lita 2 hadi 3 za majimaji kwa siku: maji, asidi, vimeng'enya na ute. Kwa miaka mingi yalipimwa kwa kumpitishia mgonjwa aliyefunga kula mpira wa puani na kuyafyonza kwa saa nzima au zaidi. Njia hiyo ingali na manufaa panapotakiwa kujulikana kiasi cha asidi. Hata hivyo, mbali na karaha ya mpira wenyewe, ina kasoro kubwa mbili. Sehemu ya majimaji huponyoka na kuingia katika utumbo mwembamba kabla ya kufyonzwa. Tena tumbo linalopimwa huwa tupu, ilhali kazi yake kubwa huanza chakula kinapoingia.

MRI haitumii eksirei. Sumaku yenye nguvu hupanga viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili, na mawimbi ya redio huvisukuma kutoka katika mpangilio huo. Muda vinaotumia kurejea huitwa T1. Katika majimaji ya tumbo, yanayokaribiana na maji matupu, T1 ni ndefu. Gadolini huifupisha sana. Watafiti wa Zurich, Uswisi, waliitumia tofauti hiyo: mlo hutiwa gadolini ya kiasi kinachojulikana, na kadiri tumbo linavyomimina majimaji, mlo huzimuliwa na T1 hurefuka. Ni kama chai ya rangi inayoongezwa maji. Kufifia kwake hueleza kiasi kilichoongezwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mgonjwa amekunywa mililita 300 za mlo wa majimaji. Baadaye picha zinaonyesha tumbo lina mililita 320, na gadolini imezimuliwa hadi nusu. Basi mililita 160 ni mlo uliobaki na 160 ni majimaji ya tumbo; mlo uliokwisha kutoka ni mililita 140. Anayetazama ujazo peke yake angedhani kwamba tumbo halijatoa chochote, na pengine angemwandikia mgonjwa dawa ya kuharakisha tumbo asiyoihitaji. Hesabu hii huonyesha majimaji yaliyomo tumboni wakati wa picha. Kwa kuwa mengine hutoka pamoja na chakula, jumla yaliyomiminwa hukadiriwa kwa picha nyingi zinazofuatana.

Picha hizo huonyesha pia mahali majimaji yanapokaa. Mwaka 2001 watafiti wa Glasgow, kwa kutumia vipima asidi, walieleza mfuko wa asidi unaobaki juu ya chakula, karibu na umio, baada ya mlo. Jambo hilo husaidia kueleza kiungulia kinachompata mtu aliyeshiba.

MRI hupima ujazo. Ukali wa asidi hausomeki kwa njia hii. Mgonjwa hulala, hivyo chakula hakikai kama anapoketi, na hutakiwa kuzuia pumzi kwa sekunde chache kila mara. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au chuma mwilini, na aliyewahi kudhurika kwa gadolini, aseme mapema. Kwa sasa kipimo hiki ni cha utafiti zaidi kuliko cha kliniki. Mwenye vidonda vya tumbo asikisubiri: endoskopi na kipimo cha bakteria aina ya Helicobacter pylori ndivyo vinavyomhusu.