Jiwe Liyeyukalo na Kurudi

Karibu kila mwanafunzi wa sekondari amewahi kupuliza pumzi katika maji ya chokaa akayaona yakigeuka meupe kama tui. Vitabu vya kemia huongeza kwamba akiendelea kupuliza, weupe huo hutoweka. Hapo ndipo walimu wengi hupata taabu: mwanafunzi hupuliza hata akachoka, na weupe ungali palepale. Nadharia si ya uongo. Tatizo ni wingi wa chokaa, na anayelielewa amekwisha kuelewa jinsi mapango ya Amboni yalivyochimbika.

Tui lile ni chembe ndogo mno za kalsiamu kaboneti, nyingi zikiwa fuwele za madini yaitwayo kalsaiti. Katika maji safi kalsaiti haiyeyuki ila kwa shida: lita 1 huchukua kama miligramu 14 tu. Lakini kaboni dayoksaidi ikiingia majini hufanya asidi dhaifu, na asidi hiyo huligeuza jiwe kuwa kalsiamu baikaboneti, ambayo hukaa ndani ya maji bila kuonekana:

CaCO₃ + H₂O + CO₂ ⇌ Ca(HCO₃)₂

Mishale miwili ndiyo kiini cha somo. Kaboni dayoksaidi ikizidi, jiwe huyeyuka. Ikipungua, jiwe hurudi. Maji yaliyo wazi kwa hewa ya kawaida huweza kubeba kama miligramu 50 za kalsaiti kwa lita. Pumzi yetu ina kaboni dayoksaidi kiasi cha asilimia 4, yaani karibu mara mia ya hewa, lakini hata hiyo haiwezi kuyeyusha zaidi ya miligramu mia mbili na kitu hivi. Maji ya chokaa yaliyoshiba hutoa kaboneti mara nyingi zaidi ya kiasi hicho. Basi mwanafunzi angepuliza hadi jioni asifanikiwe.

Dawa yake ni rahisi. Puliza polepole kwa mrija mpaka maji yawe meupe. Chukua mara moja sehemu 1 ya tui hilo, ongeza sehemu 15 za maji ya mvua, kisha endelea kupuliza. Weupe utafifia kidogo kidogo mpaka maji yawe maangavu. (Mwalimu aangalie asiwepo anayevuta badala ya kupuliza, maji ya chokaa huunguza kinywa.) Sasa pasha moto maji hayo. Kaboni dayoksaidi hufukuzwa, na weupe hurudi. Ule utando mgumu unaoganda ndani ya birika katika sehemu zenye maji ya chumvichumvi mara nyingi ndio huohuo.

Twende sasa Amboni, yapata kilometa 8 kaskazini ya mji wa Tanga, penye mawe ya chokaa ya kale sana, ya zama za Jurasiki. Mvua inapopenya udongo hukutana na hewa iliyojaa kaboni dayoksaidi itokayo kwenye mizizi na bakteria. Hewa ya udongoni ikiwa na asilimia 1 tu ya gesi hiyo, maji huweza kubeba kalsaiti mara tatu hivi ya yale yaliyokaa hewani. Yakipita katika nyufa huyala mawe, na ufa huwa pango.

Tone likifika darini hukuta hewa yenye kaboni dayoksaidi kidogo kuliko ya udongoni. Gesi hutoka, na kalsaiti huachwa. Wengi hudhani kwamba nguzo zile za mawe hufanyika kwa maji kukauka; lakini hewa ya mapango mengi ni nyevu mno, na kukauka ni sababu ndogo. Nguzo iningíniayo hurefuka kwa kawaida kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. Mgeni avunjaye kipande cha sentimeta 10 ili akipambe nyumbani huenda ameondoa kazi ya miaka elfu.

Baharini mizani hiyohiyo inaelemea upande wa kuyeyusha. Matumbawe hujenga kwa aragonaiti, ambayo ni kaboneti ileile yenye mpangilio mwingine wa chembe, nayo huyeyuka kwa urahisi kuliko kalsaiti. Kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na sehemu 280 za kaboni dayoksaidi katika milioni. Sasa zimepita 420. Bahari imenywa sehemu kubwa ya ziada hiyo, na pH ya maji ya juu imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi 8.1. Kipimo cha pH ni cha logi, kwa hiyo upungufu huo ni ongezeko la ayoni za hidrojeni la robo hivi. Maji ya juu ya bahari ya tropiki bado yameshiba aragonaiti, na miamba ya Mafia au Zanzibar haiyeyuki kama tui katika neli. Ila tumbawe hutumia nguvu nyingi zaidi kuweka kila tabaka, huku mawimbi, samaki na sifongo watobozi wakiendelea kuumega mwamba kama zamani.